Tani tano ya kwenye lebo ya belti siyo tani tano ya mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msiikate sana maana hili jambo ukilikata katikati linapotosha kuliko kutoliandika kabisa. Mimi niko Mbeya, kazi yangu ni kukagua mizigo ilivyofungwa kwenye malori kabla hayajatoka yadi, yanayokwenda Tunduma na vyuma na saruji, na yanayorudi Dar na shaba ya Zambia na Congo. Ninachotaka kusema ni kwamba belti tunazofungia mizigo, zile za racheti, zinakuja zimeandikwa vipimo vya nguvu vya nchi tofauti tofauti, na sisi wote kuanzia muuzaji mpaka tajiri wa lori tunavisoma kama vile ni kilo za mzigo, halafu tunapeleka lori kwenye mteremko mkali wa Kitonga, Iringa, na hesabu ambayo haipo.

Ingia duka lolote la vifaa vya malori uangalie. Rafu moja utakuta belti nne, upana ule ule milimita 50, racheti inafanana, ukisoma lebo moja inasema LC 2500 daN, nyingine WLL 3,333 LBS, ya tatu imeandikwa 5T basi, ya nne 50 kN. Hiyo LC ya Ulaya na WLL ya Marekani zote maana yake ni nguvu ya mwisho ya kufanyia kazi. Muuliza muuzaji ipi nzuri, atakwambia kaka zote hizo ni za tani tano chukua ya bei unayoiweza. Na yeye hakudanganyi makusudi, ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia.

Sasa tuzichambue. Hizo zote ni vipimo vya nguvu ya kuvuta, siyo vya uzito uliowekwa juu ya mizani. Kipimo cha msingi ni nyutoni, na nyutoni moja ni ndogo sana, ni ile nguvu ya kuusukuma mzigo wa kilo moja mpaka kila sekunde inayopita uwe umeongeza mwendo wa mita moja kwa sekunde. Kilo moja ikining'inia kwenye kamba inaivuta kwa nyutoni 9.8 hivi, kwa hiyo nyutoni kumi, ambayo ndiyo hiyo daN ya kwenye lebo za Ulaya, inakaribiana kabisa na mvuto wa kilo moja, imezidi kidogo tu, ni kilo 1.02. Ndo uzuri wa daN, dereva hata kama hajawahi kuisikia akiichukulia kama kilo hajakosea kitu cha kumdhuru. LC 2500 daN ni sawa na mvuto wa kilo 2,549. Kilonyutoni, kN, ni nyutoni elfu moja, sawa na kilo 102, kwa hiyo ile ya 50 kN ni kilo 5,100 hivi.

Matatizo yanaanza kwenye paundi. Paundi moja ya nguvu ni nyutoni 4.45, na watu wengi wakiona 3,333 wanaona ni kubwa kuliko 2,500 wanachukua hiyo, kumbe ukigeuza hiyo 3,333 ni kilonyutoni 14.8 tu, mvuto wa kilo 1,512, wakati ile ya 2500 daN ni kilonyutoni 25. Yaani namba iliyoonekana kubwa ndiyo ndogo, na siyo ndogo kidogo.

Lakini usikimbilie kusema belti ya Kimarekani ni mbovu, hapo ndo watu wengine wanaopenda hesabu wanapokwama na wao. Ile belti ya 3,333 inakatika ikifika paundi 10,000, Wamarekani wanachukua theluthi moja ya nguvu ya kukatika ndo wanakuandikia kwamba fanyia kazi hapa mwisho. Wazungu wa Ulaya kwa belti za kufungia mzigo wanachukua nusu, ya LC 2500 inatakiwa ihimili si chini ya 5000 ndo ikatike. Sasa linganisha za kukatika: paundi 10,000 ni kilonyutoni 44.5, daN 5000 ni kilonyutoni 50. Zimekaribiana sana. Kwa hiyo kugeuza kipimo peke yake hakutoshi, lazima ujue namba unayoigeuza ni ya kufanyia kazi au ya kukatika, vinginevyo utalinganisha vitu viwili ambavyo havilingani na utapata jibu safi kabisa lisilo na maana.

Na hiyo 5T yenyewe inatoka wapi? Tani ya Kimarekani siyo kilo 1,000, ni paundi 2,000 ambazo ni kilo 907. Paundi 10,000 ni tani tano za Kimarekani, sawa na kilo 4,536. Hapo tayari zimepungua kilo zaidi ya 460 ukilinganisha na tani tano zetu, na bado hiyo ni ya kukatika, siyo ya kufanyia kazi. Za Ulaya nazo zina yake, lebo nyingi zinaandika 2500/5000 daN na muuzaji anasoma ile ya pili, lakini 5000 maana yake ni belti ikizungushwa mzigo ikarudi kwenye racheti yenyewe, kwamba pande mbili zinavuta kwa pamoja, siyo ikifungwa moja kwa moja kutoka pete moja ya kufungia mpaka nyingine. (Na kuna tani ya tatu ile ya zamani ya Kiingereza ya paundi 2,240, kilo 1,016, hiyo bado utaikuta kwenye vifaa vya kizamani, jeki na winchi za enzi zile.) Sasa mtu akiniambia belti hii ni ya tani tano namuuliza tani ya nani, na ya kufanya nini.

Kuna swali naulizwa sana na matingo vijana, kwamba mbona kamba za kunyanyulia mzigo kwa kreni zimeandikwa tani na zinafanya kazi vizuri tu, zile za rangi, zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, nyekundu tani 5. Wako sahihi. Kreni inanyanyua juu, kinachovuta kamba ni uzito wa mzigo wenyewe, kwa hiyo ukiandika tani inaeleweka, ingawa na hapo ukifunga miguu miwili ikapanuka mpaka pembe kati yake ikafika nyuzi 120 kila mguu unabeba sawa na mzigo mzima, hiyo nayo watu wengi hawaijui. Belti ya kufungia kazi yake ni nyingine, sakafu ya trela ndiyo inayobeba uzito, belti inapambana na mzigo unaotaka kuondoka pale ulipo, dereva akishika breki, akikata kona, akiingia kwenye mashimo. Nguvu hiyo inategemea na mwendo ulivyobadilika ghafla, ndiyo maana inaandikwa kwa nyutoni na siyo kwa tani.

Twende na mfano maana bila mfano haya maneno yanapita tu. Chukua mzigo wa tani 10 juu ya trela ya wazi. Hesabu ya Ulaya inasema mzigo ufungwe uweze kuhimili kusukumwa mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma kwa asilimia 50. Asilimia 80 maana breki ya nguvu inaweza ikafika huko. Uzito wa tani 10 ni kilonyutoni 98, asilimia 80 yake ni kilonyutoni 78. Msuguano wa mzigo na sakafu unasaidia, tuseme ni 0.3 ya uzito, maana yake sakafu inashika kilonyutoni 29 bila belti yoyote. Kinachobaki ni kilonyutoni 49. Hicho ndicho lazima kitu kingine kikishike.

Mtu aliyesoma lebo atasema 49 si kidogo tu, belti yangu ina 25, nafunga mbili nimemaliza. Angekuwa sahihi kama belti zingefungwa zinavuta mzigo kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, kutoka kwenye mzigo wenyewe mpaka kwenye pete za trela. Nani anafunga hivyo? Sisi wote tunapitisha belti juu ya mzigo, kushoto kwenda kulia, tunakaza racheti mpaka inalia tunaondoka. Na belti iliyopita juu haiushiki mzigo kwa zile 2500, inachofanya ni kuugandamiza kwenye sakafu ili msuguano uongezeke. Na inaugandamiza kwa nguvu ile tu ambayo mkono wa tingo umeweza kuikaza.

Hiyo nguvu iko kwenye lebo pia, Mhariri, ila imeandikwa kwa herufi ndogo chini na sijawahi kumwona mteja akiiulizia dukani. Imeandikwa STF. Belti ile ile ya LC 2500 unaweza kuikuta na STF 350 daN, maana yake ukivuta mpini wa racheti kwa nguvu ya daN 50, hiyo wameiandika SHF, basi belti inabaki imekaza kwa daN 350. Kilo 357. Siyo tani tano, siyo tani mbili na nusu, ni kilo mia tatu na hamsini na kitu. Pande mbili zinagandamiza, kwa hiyo karibu daN 700, na hiyo ni kama belti imeshuka wima kabisa pande zote, ikilala kwa pembe inapungua. Zidisha kwa msuguano 0.3 unapata daN 210, kilonyutoni 2.1. Kila belti moja imekuongezea kilonyutoni 2.1, na wewe unatafuta 49.

Gawanya mwenyewe. Ni belti 24. Ukiweka na akiba ya usalama ya robo wanayoweka Ulaya kwa upande wa mbele zinafika 30, kwa tani 10 tu, na malori yetu yanabeba tani thelathini.

Naomba msomaji asiruke hapo. Sisemi kila lori lifungwe belti 30, hata pete za kufungia hazitatosha. Nasema hiyo hesabu inaonyesha kwamba belti za juu peke yake haziwezi kuushika mzigo mzito usiende mbele, kwa hiyo mzigo lazima usogezwe ukae umegusa ukuta wa mbele wa trela, au upigiwe mbao na magogo ya kuuzuia, au ufungwe minyororo ya kuvuta nyuma, halafu ndo belti zije kuongezea. Na kuweka mpira chini ya mzigo kunasaidia sana maana msuguano unapanda, ukifika 0.6 ile nguvu iliyobaki inashuka kutoka 49 mpaka chini ya 20 na kila belti inafanya kazi mara mbili, fanya hesabu utaona belti zinazotakiwa zinaanguka mpaka tano hivi. Mpira wa tairi chakavu tunao kila mahali. Ila huwezi kuyafikia haya maamuzi kama kichwani una belti ya tani tano na mzigo wa tani kumi na unaona belti mbili zimetosha.

Shaba ndo inanitia wasiwasi kuliko vyote. Bando moja la shaba lina tani mbili na zaidi, ni dogo kwa umbo, limekaa chini, ukiliangalia unaona hili haliendi popote. Shaba juu ya sakafu ya chuma msuguano wake ni mdogo, pakilowa mvua au pakimwagika mafuta ndo kabisa. Na bando lile halina kimo cha kulizuia na kitu, likianza kutembea linapita chini ya belti, belti inabaki imelegea juu. Dereva anashuka Kitonga, nyuma yake kuna tani thelathini zinazotaka kwenda mbele, na mbele ni kebini alimokaa yeye na tingo wake. Mizani za barabarani zitakupima kama umevuka tani 56 kwa jumla, na ni sawa, ile ni kazi ya kulinda barabara na inapimwa kwa kilo vizuri kabisa, lakini mizani haiwezi kukwambia mzigo utasukuma kwa nguvu kiasi gani ukishika breki.

Kuna watu wataona hii ni habari ya mafundi wa kijijini wasiosoma. Hapana. Tarehe 23 Septemba 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao cha Mars Climate Orbiter, kilichorushwa Desemba 1998, kwa sababu hii hii ninayoiandika hapa. Programu ya kampuni iliyokitengeneza, Lockheed Martin, ilikuwa inatoa takwimu za msukumo wa injini ndogo kwa paundi, na wataalamu wa NASA waliokuwa wanakiongoza walizipokea kama nyutoni. Tofauti ni ile ile mara 4.45. Kila msukumo ulihesabiwa pungufu, makosa yakajumlishana miezi yote ya safari, chombo kilichotakiwa kupita kama kilomita 226 juu ya sayari kikaingia mpaka kilomita 57 na kikaishia huko. Wale walikuwa wahandisi waliobobea, wana kompyuta, wana wakaguzi. Namba ilikuwa sahihi kabisa, kilichokosekana ni kukubaliana ni namba ya nini.

Na siyo kwamba dunia haijakubaliana. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa vipimo ulipanga mvuto wa dunia wa kuhesabia uwe 9.80665, mwaka 1948 wakalipitisha jina la nyutoni, mwaka 1959 nchi zinazotumia paundi zikakubaliana paundi moja ni kilo 0.45359237 bila ubishi. Hapa kwetu karibu na ikweta mvuto ni kama 9.78, kuna mwalimu mmoja wa fizikia aliwahi kuniuliza kama hiyo haiharibu hesabu, haiharibu, kwenye belti ya 2500 tofauti ni mvuto wa kilo saba tu. Kwa hiyo namba za kugeuzia zipo na hazibadiliki, tatizo letu ni lebo na usomaji wake.

Nati za matairi nazo zina ugonjwa huo huo, nitazigusa kidogo tu. Lori nyingi za Ulaya zenye nati za milimita 22 zinataka zikazwe kwa nyutoni mita 600 (nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kuna spana za kupimia zinazosoma paundi futi na hapo inatakiwa usome 442, na vitabu vya zamani vya magari ya Kijapani vinaandika kwa kilo na mita au kilo na sentimita, hiyo 600 inakuwa 61 kwa kilo na mita, na 6,100 hivi kwa kilo na sentimita. Nimekuta vijana wanakaza mpaka 600 kwenye spana ya paundi futi, hiyo ni zaidi ya nyutoni mita 800, wanavuta nati mpaka stadi, ile boliti inayoshika tairi, inaanza kurefuka. Nitakapopata muda nitawaandikia hiyo peke yake.

Ninachoomba kwa hili la belti ni vitu vichache. Wanaoingiza belti nchini waambiwe lebo iwe na kilonyutoni au daN kwa kila namba, hata kama kuna paundi au tani pembeni, na iandikwe hiyo ni ya kufanyia kazi au ya kukatika, na STF iwepo maana lebo za Kimarekani kwa kawaida hazina. TBS na Wakala wa Vipimo ndo wenye kazi ya viwango na vipimo, nawaomba walitazame hili la lebo. Vyuo vya udereva vinavyofundisha madereva wa magari makubwa vitenge somo la kusoma lebo ya belti na hesabu ile ya msuguano niliyoifanya hapo juu, haihitaji kalkuleta ya maana, simu yoyote inatosha. Na matajiri wa malori, kaka zangu, mkinunua belti nunueni za aina moja kwa lori moja, msimpe tingo belti tatu za daN na mbili za paundi halafu mtegemee akumbuke usiku wa manane ipi ni ipi.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Waandishi wako wakiandika habari ya mzigo uliohama au belti iliyokatika waulize lebo ilisema nini na wairipoti na kipimo chake, wasiandike tu kwamba belti ya tani tano ilikatika. Na kama itawezekana pembeni ya barua hii muweke kibokisi hiki, dereva akikate akibandike juu ya dashibodi: daN 1 ni kilo 1.02, kN 1 ni kilo 102 au paundi 225, paundi 1 ni nyutoni 4.45, tani 1 ya kwetu ni kN 9.81, tani 1 ya Kimarekani ni kN 8.9. Ukiwa na paundi unataka kilo gawanya kwa 2.2, ukitaka kN gawanya kwa 225. Na mstari wa mwisho uwe kwa herufi kubwa, BELTI ILIYOPITA JUU YA MZIGO SOMA STF, USISOME LC.

Wako msomaji,
Mkagua mizigo, Mbeya